Nafasi za Shule si Mali ya Ofisi

Bwana Mhariri,

Nakuomba unipe nafasi katika gazeti letu ili niseme neno juu ya shauri lililoletwa mbele ya mkutano wetu uliopita, nalo likaahirishwa kwa kuwa jua lilikuwa limekuchwa. Shauri lenyewe ni hili: kwamba Chama kipeleke barua Serikalini kuomba watoto wa watumishi watengewe fungu lao katika shule za sekondari za bweni, kwa hoja ya kuwa mtumishi huhamishwa huku na huko, na mtoto wake hana kituo. Siku ile makofi yalikuwa mengi. Mimi sikupiga makofi, na leo nataka kueleza kwa nini.

Nasema, pamoja na heshima zote niwapazo ndugu waliolitoa, ya kuwa shauri hili halifai. Kwanza, si haki. Pili, halitawafaa hao linaodai kuwafaa. Tatu, tukilipitisha tutakuwa tumeipigia muhuri wa Chama dhuluma ambayo hutendwa kwa siri katika baadhi ya ofisi, tena kwa mikono yetu sisi makarani. Mimi nami ni mtumishi. Nimehamishwa mara 4, na wanangu wamebadili shule mara hizo hizo. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Njaa hii naijua.

Tuyatazame kwanza mambo ya nyuma, maana shauri hili si geni kama lionekanavyo.

Mwaka 1922, pale Tanga, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika. Walikuwa makarani na walimu. Kayamba mwenyewe alisoma Kiungani, Unguja, katika shule ya Misheni ya UMCA. Kilichowainua ni kalamu, na kalamu haiokotwi njiani. Huanza na nafasi ya kukaa darasani. Basi jambo la nani apewe nafasi hiyo ni jambo la chama cha watumishi tangu siku ya kwanza.

Mwaka 1925 Serikali ya Kiingereza ilifungua shule ya Tabora kwa ajili ya watoto wa machifu. Kanuni ya kugawa nafasi ilikuwa nyepesi mno: iliulizwa mtoto ni wa nani. Walioiweka kanuni hiyo hawakuwa wapumbavu, walikuwa na hoja yao. Walisema chifu ndiye atakayetawala watu wake, basi mtoto wake na asome kwanza, kwa kuwa elimu yake itawafaa wengi. Sikilizeni vema hoja hiyo, wanachama wenzangu, kwani ndiyo hoja tuliyoipigia makofi: mtumishi ndiye aitumikiaye nchi, basi mtoto wake na apate kwanza. Vazi ni jingine, mwili ni ule ule.

Katika shule hiyo ya Tabora alisoma Julius Nyerere kuanzia mwaka 1937 hata 1942, naye alikuwa mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Lakini alipopata madaraka hakusema kwamba kwa kuwa mlango ule ulimpitisha yeye, basi na ubaki vivyo hivyo. Katika maandiko yake ya mwaka 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea aliwaambia watu waziwazi ya kuwa katika kila watoto 100 wanaomaliza shule ya msingi, 13 tu ndio watakaopata nafasi ya sekondari, na wale 87 watarudi nyumbani wakijiona wameshindwa. Si vyema, alisema, kuwafundisha watoto wote kana kwamba wote ni wa sekondari, hali wengi hawatafika huko. Watu wanaweza kubishana na dawa aliyoitoa. Hesabu aliyoiweka mezani haikuwa na siri.

Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma, na mwaka 1977 ukawa ndio mwaka wa kuwaingiza watoto wote shule za msingi. Mlango wa chini ukapanuliwa sana, wa juu ukabaki mwembamba. Hata mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliopata nafasi katika sekondari za Serikali hawakufika 5 katika kila 100 waliomaliza darasa la saba. Penye wengi hivyo na viti vichache hivyo, ndipo pakawa na ule mgawo wa mikoa tuukumbukao wengi wetu. Nafasi hazikugawanywa tena kwa alama tupu nchi nzima. Kila mkoa ulipewa fungu lake kwa kadiri ya watoto wake waliomaliza, na watoto wakashindana ndani ya mkoa wao.

Mgawo huo ulileta machungu makubwa. Kilimanjaro na Kagera, ambako misheni zilijenga shule mapema, mtoto alipata alama nzuri akaachwa, na wa mkoa mwingine mwenye alama chini yake akachukuliwa. Mzazi wa Marangu aliuliza, mwanangu amekosa nini? Na swali lake lilikuwa la haki. Lakini mzazi wa Lindi naye aliuliza, mwanangu amesoma katika darasa lisilo na mwalimu wa hesabu mwaka mzima. Je, alama zake na za yule wa Marangu zimepimwa kwa kipimo kimoja? Na swali lake nalo lilikuwa la haki. Wale wa Kilimanjaro walichanga fedha wakajenga sekondari zao wenyewe. Wale wa kusini wakapata madaktari na wahandisi wa kwanza kutoka vijiji ambavyo havijawahi kuwa nao. Mimi sitaki kuhukumu kesi hiyo leo. Nataka tuone shimo lililokuwamo ndani yake, maana shimo hilo tulilichimba sisi.

Mgawo ulitazama mkoa, haukutazama nyumba. Mkoa wenye shule dhaifu ulipewa fungu lake ili mtoto wa mkulima wa huko ainuke. Lakini nani alikaa makao makuu ya mkoa huo? Alikaa mtumishi aliyehamishiwa huko. Mtoto wake alisoma shule ya mjini yenye walimu kamili, jioni akasomeshwa na baba yake mezani, kwenye taa, na vitabu vilikuwamo nyumbani. Siku ya mtihani alishindana na mtoto wa kijijini kwa fungu lile lile, akamshinda. Hakuiba kitu, wala baba yake hakuiba. Lakini fungu lililokusudiwa kwa mwenye njaa liliishia kwa aliyekuwa amekwisha kula. Sisi tunaosema leo kwamba uhamisho umetudhulumu, tukumbuke kwamba kuna mahali uhamisho ulitupendelea, na hatukuandika barua Serikalini kulalamika.

Naam, yatasemwa kwamba hayo ni ya zamani. Ni kweli, mengi yamebadilika. Tangu mwaka 2004, kwa mpango wa maendeleo ya sekondari, na hasa tangu 2006, shule za kata zilijengwa kwa wingi nchi nzima, kwa fedha ya Serikali na kwa jasho la wananchi waliobeba mawe na mchanga. Kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ada iliondolewa hata kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ikaondolewa katika kidato cha tano na cha sita. Kwa mwaka huo huo wa 2022, baada ya vyumba vingi vya madarasa kujengwa kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, watoto wote waliofaulu darasa la saba, zaidi ya 900,000, walipangiwa shule kwa mkupuo mmoja bila kungoja chaguo la pili. Hili ni jambo kubwa, na mtu asiyelisifu hana shukrani.

Lakini uhaba haukufa, umehama. Zamani swali lilikuwa, je, mtoto atapata sekondari? Leo swali ni, atapata sekondari ipi? Kwani viti havifanani. Kuna shule za vipaji maalumu, kama vile Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na zile mbili za Tabora. Kuna shule za ufundi. Kuna shule za bweni za kawaida. Na baada ya hizo kuna shule za kutwa, ambamo wengi mno ndimo waendamo. Nyingi za kutwa zinafundisha vema. Lakini ziko nyingine ambazo mtoto huamka saa 10 za usiku apate kuwahi, au mzazi humpangia chumba karibu na shule, naye akajipikia akiwa na miaka 14. Kwa mtoto wa kike chumba hicho kimekuwa mtego, nasi sote tunajua kwa nini. Kwa hiyo kitanda kimoja cha bweni si anasa. Kwa baadhi ya watoto ni tofauti ya kumaliza masomo na kutomaliza. Ndiyo maana kitanda hicho kinagombewa, na ndiyo maana yafaa kujua kinagawanywaje.

Sasa nitasema jambo langu mwenyewe, ambalo sikupata kulisema mbele ya watu.

Miaka mingi imepita nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya wilaya. Jina lake silitaji. Orodha ya waliochaguliwa kwenda bweni ilikuja, na pamoja nayo ikaja orodha ya akiba, majina yamepangwa kwa namba. Muda wa kuripoti ulipokwisha, nafasi 4 zilikuwa wazi. Nafasi 3 zilijazwa kwa namba, kama ilivyotakiwa. Ya nne ilikuwa ya msichana mmoja, mtoto wa mkulima wa korosho, kutoka kijiji cha mbali. Kabla barua yake haijapigwa taipu kililetwa kikaratasi, kimekatwa kutoka daftari, hakina tarehe wala cheo, kina maneno mawili tu: "Msaidie huyu." Chini yake jina la mtoto mwingine. Mtoto huyo hakuwamo katika orodha ya akiba kabisa. Baba yake alikuwa mtumishi mwenzetu.

Mimi ndimi niliyeipiga taipu barua ile. Hakuna aliyenitisha. Hakuna aliyenipa fedha. Niliambiwa tu kwamba mwenzetu amehamishwa juzi na mtoto wake anahangaika, nami nikaona ni jambo la huruma.

Baada ya wiki 2 alikuja mzee mmoja, kofia mkononi, akasimama mlangoni mpaka nikamwambia aketi. Alisema, "Bwana Karani, mwalimu ameniambia mwanangu alikuwa katika orodha ya akiba. Nimekuja kuuliza tu, alikuwa wa ngapi?" Nikamwambia, "Mzee, orodha hizo hatunazo hapa." Jalada lilikuwa chini ya kiwiko changu. Alinishukuru, akaenda zake. Hakuwa na hasira, kwa kuwa hakujua kwamba yuko mtu wa kumkasirikia.

Tangu siku ile nimejua ya kuwa kimemo hakihitaji mtu mbaya. Chahitaji watu wema wawili, mmoja aombaye kwa ajili ya mtoto wake na mwingine amhurumiaye mwenzake, na mtu wa tatu ambaye hayupo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Walisema hivyo kutuonya, lakini sisi tumeifanya kuwa kanuni ya ofisi.

Kwa hiyo naogopa shauri la fungu la watumishi. Litachukua kile tulichokificha chini ya kiwiko na kukiita haki. Tena, ndugu zangu, fungu hilo litamfikia nani? Tuseme Serikali imekubali, ikatoa vitanda kadhaa kila mwaka. Watumishi wa nchi hii ni wengi mno, vitanda ni vichache. Je, atapata muuguzi wa zahanati ya mpakani, ambaye barua humfikia baada ya mwezi? Atapata mhudumu afagiaye ofisi hizi tunamokaa? Au atapata aliye karibu na mlango wa mkubwa? Jibu mnalo. Fungu la watumishi litakuwa fungu la makao makuu, na mtumishi mdogo atabaki nje pamoja na mkulima, ila yeye atakuwa amesaini barua ya kujifungia mlango.

Nami nakiri kwamba hoja ya uhamisho ni ya kweli. Mtoto anayetolewa darasani mwezi wa tano, amebakiza miezi 4 kufika mtihani, anaumizwa. Lakini tutazame kidonda kiko wapi. Kidonda si kwamba mtumishi hana kitanda cha bweni. Kidonda ni tarehe ya uhamisho. Mwaka wa shule huanza Januari. Basi Chama kiombe kwa nguvu zake zote kwamba mtumishi mwenye mtoto wa darasa la mtihani asihamishwe katikati ya mwaka, ila kwa dharura iliyoandikwa, na kwamba posho ya uhamisho ilipwe kabla hajafunga mizigo, si baada ya mwaka. Na afikapo kituo kipya, mtoto wake apokewe mara moja katika shule ya namna ile ile aliyotoka: wa kutwa kwa kutwa, wa bweni kwa bweni palipo na nafasi. Haki hiyo iandikwe, na iwe ya kila mtoto aliyehama kwa sababu isiyo yake: wa askari, wa mfagizi, wa mkulima aliyehamishwa kupisha mradi, na yatima aliyechukuliwa na shangazi. Haki ya namna hiyo naitetea mchana kweupe. Fungu silitetei.

Sasa yuko atakayeniuliza: kama si fungu na si kimemo, basi nini? Alama tupu? Nami nasema alama ni msingi mwema, lakini si Mungu. Mtihani wa darasa la saba una jumla ya alama 300. Mstari ukikatwa kwenye 262, mwenye 261 ameachwa kwa swali moja, huenda ni swali ambalo mwalimu wake alikuwa mgonjwa wiki ya kulifundisha. Tena wenye 262 wenyewe waweza kuwa 9, na vitanda ni 5. Nani anawachagua watano kati ya tisa? Hapo ndipo mlango wa nyuma unapofunguka, maana penye usawa hapana wa kulalamika, na penye kutolalamika hupita kila kitu.

Wenzetu wa nchi nyingine wameutafutia jambo hili njia, wala si aibu kuwatazama. Huko Uingereza, mji wa Brighton na Hove uliamua kwamba kuanzia mwaka 2008 shule ya Serikali ikipata waombaji wa eneo lake kuliko viti vyake, wachaguliwe kwa kura. Wazazi wenye nyumba karibu na shule nzuri walikasirika sana, kwa kuwa walikuwa wamezoea kununua kiti kwa kununua nyumba. Huko Texas, Marekani, sheria ya mwaka 1997 iliweka kwamba wanafunzi walio katika sehemu ya kumi ya juu ya kila shule ya sekondari wapate nafasi katika vyuo vikuu vya jimbo. Basi mtoto wa shule maskini alishindana na wenzake wa darasa lake, si na watoto wa shule za matajiri. Jirani zetu wa Kenya nao, katika kuchagua watoto wa kidato cha kwanza mwaka 2011, waliwapa watoto wa shule za msingi za Serikali sehemu kubwa zaidi katika shule zao za kitaifa, baada ya shule za kulipia kuzijaza. Palikuwa na kelele nyingi. Hakuna hata mahali pamoja ambapo kugawa kichache kwa wengi hakukuleta kelele. Lakini katika mahali pote hapo watu waligombana juu ya kanuni, nayo ilikuwa imetangazwa, kila mtu aliisoma. Sisi twagombana juu ya uvumi.

Na haraka ipo, si maneno ya kujipamba. Fanyeni hesabu pamoja nami. Mtaala mpya ulianza mwaka 2024. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka huo waliingia katika mtaala huo, ambao elimu ya msingi yake huishia darasa la sita. Kwa hiyo watamaliza mwaka 2027. Waliokuwa darasa la nne mwaka huo huo waliendelea na mtaala wa zamani hata darasa la saba. Nao watamaliza mwaka 2027. Basi Januari 2028 makundi mawili yatasimama mbele ya mlango mmoja. Vyumba vya kutwa vyaweza kujengwa, na twaomba vijengwe. Lakini vitanda vya bweni haviwezi kuongezeka maradufu kwa siku moja. Mwaka huo vikaratasi vya "Msaidie huyu" vitakuwa vingi kama mvua ya masika. Kanuni isipowekwa sasa, haitawekwa wakati huo, kwa sababu wakati huo kila mtu atakuwa na mtoto wa kumwombea.

Kwa hiyo badala ya shauri lililoahirishwa, naleta shauri jingine, nalo lina mambo 6, nikitaka yasomwe mkutanoni na kupigiwa kura.

Kwanza, kanuni ya kugawa nafasi za bweni itangazwe kabla ya mtihani, wala isibadilishwe baada ya matokeo.

Pili, orodha ya waliochaguliwa na orodha ya akiba, zote mbili, zibandikwe kwa namba katika ubao wa ofisi ya kata na wa shule ya msingi aliyosoma mtoto. Kuziweka kwenye mtandao ni vyema, lakini mzee wa korosho hana mtandao. Anao ubao wa kata.

Tatu, iwekwe tarehe moja ya mwisho ya kuripoti. Nafasi ikiwa wazi, apewe anayefuata kwa namba, na barua yake itaje namba hiyo na jina la aliyeacha nafasi.

Nne, wenye alama sawa wapigiwe kura hadharani, mbele ya walimu na wazazi. Kura ni kipofu, na katika jambo hili upofu ni sifa njema.

Tano, katika kugawa, isitazamwe wilaya au mkoa tu, itazamwe na shule aliyotoka mtoto. Kila shule ya msingi, hata iliyo ng'ambo ya mto, ijue kwamba mtoto wake wa kwanza anahesabiwa.

Sita, na hili ni letu sisi makarani, wala halihitaji waraka wa Waziri. Kila karatasi iingiayo ofisini juu ya nafasi ya shule ipewe namba ya folio, iandikwe katika daftari la barua, iwekwe jaladani. Yote, hata kikaratasi kilichokatwa kutoka daftari. Karani mdogo hana uwezo wa kumkatalia mkubwa wake, nami simwombi ajitie katika moto. Lakini kuweka karatasi jaladani si ukaidi, ni kazi yetu tuliyofundishwa. Aletaye kimemo akijua kitapata folio namba 37, na mkaguzi atakisoma mwaka ujao, atakirudisha mfukoni mwenyewe.

Ibara ya 11 ya Katiba ya mwaka 1977 inaitaka Serikali ijitahidi watu wote wapate fursa sawa ya elimu. Serikali hiyo ikifika wilayani ina sura gani? Ina sura ya meza, jalada na karani. Mkulima hamwoni Waziri; anatuona sisi. Tukisema "orodha hizo hatunazo hapa", ni Serikali imesema.

Najua wako watakaoniita msaliti wa watumishi wenzangu. Nawajibu kwamba chama chetu hakikuundwa ili kitutafutie upenyo. Kiliundwa kwa sababu watu wa kalamu walichoka kuona mambo yao yakiamuliwa na mtu ambaye hawamwoni, kwa kanuni ambayo hawakuisoma. Ikiwa hilo lilikuwa baya tulipotendewa sisi, haliwezi kuwa jema tunapowatendea wengine.

Yule msichana sikupata kusikia habari zake tena. Sasa angekuwa mtu mzima. Labda aliendelea kwa njia nyingine, labda hakuendelea. Alikuwa wa nne katika orodha, nami nilijua alikuwa wa nne. Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa baba yake, na kwa kuwa sikumpa siku ile, nalitoa leo katika gazeti hili, mbele yenu nyote.

Ndimi mwanachama mwenzenu,

KARANI WA MASJALA